Statini na Misuli Yetu

Umekwisha kujifunza kwamba mwili umejengwa kwa seli nyingi sana. Kila seli imezungukwa na utando, na ndani ya utando huo mna kolesteroli. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini. Ikizidi katika damu, hujikusanya kwenye kuta za mishipa na kuzuia damu isipite vizuri. Hapo moyo huweza kudhurika.

Mwaka 1973 mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aligundua statini ya kwanza katika kuvu. Statini ni dawa zinazozuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Zimeokoa maisha ya watu wengi.

Je, dawa inayookoa yaweza kudhuru? Ndiyo. Damu huichukua dawa hadi kwenye misuli pia. Huko yaweza kuzuia seli zisitengeneze vitu vingine zinavyovihitaji. Wataalamu hufikiri kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya misuli kuuma au kulegea. Mara chache sana, seli za misuli hupasuka. Vilivyomo humwagika katika damu, mkojo huwa na rangi kama ya chai kavu, na figo huweza kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2001 serivastatini, mojawapo ya dawa hizo, iliondolewa madukani kwa sababu ilisababisha vifo.

Ikiwa babu yako anatumia statini na misuli yamuuma, mwombe amwone daktari upesi. Asiache dawa kwa hiari yake, kwani moyo wake waihitaji.

Maswali
1. Kolesteroli ikizidi katika damu huleta madhara gani?
2. Dawa inayofanya kazi katika ini hufikaje kwenye misuli?