KUCHORA KWA KOMPYUTA NA SIMU: BURUDANI YA GHARAMA NAFUU KWA VIJANA WETU



Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia jambo linaloonekana dogo: uchoraji wa kutumia kompyuta na simu. Wengi waliojifunza kompyuta miaka ya 2000 wanaikumbuka Paint, programu ndogo ya kuchorea iliyokuja pamoja na Windows tangu mwaka 1985. Mwanafunzi alichora nyumba, jua na mgomba ili azoee kushika kipanya. Akishajua kuandika barua, Paint ilisahauliwa. Leo kijana wa Bukoba au Muleba mwenye simu ya kugusa anaweza kuurudia uchoraji ule bila kununua karatasi, brashi wala rangi.

Sanaa si jambo geni kwetu

Huko Bwanjai, wilayani Missenyi, ipo michoro ya kale ya rangi nyekundu kwenye miamba. Mama zetu husuka mikeka na vikapu vyenye nakshi. Naye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mbao za dari na rangi ya kupaka baiskeli, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuvipata. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unajulikana duniani kote. Somo lake ni jepesi: anza na kifaa ulicho nacho.

Inavyofanya kazi

Picha ya kompyuta huundwa na nukta ndogo sana, kila moja ikiwa na rangi yake, kama mkeka unavyoundwa na ukili mmoja baada ya mwingine. Nukta zikiwa chache, picha ikikuzwa huonekana ina ngazi ngazi. Ukurasa wa A4 utakaochapwa vizuri unahitaji nukta 2,480 kwa 3,508. Kwa hiyo chagua ukubwa kabla ya kuanza kuchora, siyo baada ya kumaliza.

Msaada mwingine ni matabaka. Fikiria karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya chini ina mchoro wa awali, ya kati ina rangi, ya juu ina maandishi. Ukikosea rangi, mistari yako haiharibiki. Tena kosa hufutwa kwa kubonyeza mara moja, na hilo humpa moyo anayeogopa kujaribu.

Programu nzuri za bure zipo. Tux Paint, iliyotolewa mwaka 2002, inawafaa watoto na hufanya kazi hata kwenye kompyuta za zamani. GIMP na Krita zinawafaa wakubwa. Inkscape, ya mwaka 2003, hutunza mistari badala ya nukta, hivyo mchoro mdogo unaweza kukuzwa hadi bango bila kuharibika. Programu hizi za kompyuta zikishawekwa, hazihitaji intaneti wakati wa kuchora.

Kwa nini kamati zijali?

Kwanza, tuukumbuke mnyauko wa migomba, ulioripotiwa wilayani Muleba mwaka 2006. Mkulima anapaswa kuitambua ndizi inayoiva kabla ya wakati na ute wa njano kwenye shina lililokatwa. Anapaswa pia kuondoa ua dume kwa mti wenye panda, na kusafisha panga kwa moto au dawa ya klorini kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mambo haya huonyeshwa vizuri zaidi kwa picha kuliko kwa maneno. Kijana aliyekulia shambani anajua panga letu linavyoshikwa na mgomba wetu ulivyo. Mchoro wake, ukikaguliwa na bwana shamba, utaeleweka kuliko picha iliyoletwa kutoka mbali.

Pili, ni suala la heshima. Mara nyingi taarifa zetu kwa wafadhili hubeba picha za watoto yatima na za wagonjwa. Picha hizo zikishasambaa hazirudi, na mtoto hukua nazo. Mchoro unaweza kueleza hali ya familia bila kuonyesha sura ya mtu. Tunawaomba wafadhili nao waupokee mchoro kama ushuhuda halali.

Namna ya kuanza

1. Orodhesheni kompyuta za parokia zinazotumika kwa kuchapa barua tu. Iliyo nzima inatosha.
2. Tengeni saa mbili kila Jumamosi, chini ya mlezi mmoja anayeaminika.
3. Wekeni programu mara moja kwa kutumia flashi, ili kuepuka gharama ya intaneti.
4. Anzeni na vitu vya karibu: mkungu wa ndizi, mtumbwi wa ziwani, nyumba ya msonge.
5. Msinakili kazi za watu wengine, wala msichore sura ya mtu bila ruhusa yake.
6. Tunzeni nakala mbili za kila mchoro, kwa maana umeme hukatika na vifaa huharibika.

Neno la mwisho

Hatupendi kumdanganya mtu. Huu si mradi wa kuongeza kipato, na kamati isiuandike hivyo katika maombi ya fedha. Wachache huenda wakapata kazi ya kutengeneza kadi au mabango, lakini wengi hawatapata. Faida yake ni kijana kuwa na jambo jema la kufanya jioni, na kugundua kwamba aliyokirimiwa na Mungu yanaweza kuwafaa jirani zake. Kipaji kisichopewa nafasi hufukiwa kama ile talanta ya Injili. Tusiwe sisi tunaochimba shimo.

Mungu awabariki.