Nyumba Ambako Wagonjwa Hutibiana

"Kijana wetu ametushinda. Ni nyumba gani ya soba itakayomfungia mpaka apone?" Maswali ya namna hii huletwa kwenye dawati la afya kila habari za unga, yaani dawa za kulevya, zinapopamba moto, na wanaouliza si watu wabaya. Ni ndugu waliokwisha kuchoka: runinga imeuzwa, mtungi wa gesi umeuzwa, mama halali. Lakini swali lao limesimama juu ya dhana iliyowagharimu wengi fedha, na baadhi yao uhai, kwamba nyumba ya waraibu huponya kwa kufunga mlango.

Haiponyi hivyo. Nyumba bora za aina hii ni za ukoo mmoja na kile ambacho wataalamu wa afya ya akili hukiita jumuiya ya tiba, na jumuiya ya tiba hufanya kazi kwa jambo ambalo kufuli huliua: mgonjwa ana kauli, na mgonjwa ana wajibu.

Wazo lenyewe lilizaliwa karibu kwa bahati, vitani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, shule ya Mill Hill, kaskazini mwa London, iligeuzwa hospitali ya dharura. Daktari Maxwell Jones alikabidhiwa wodi ya vitanda 100 ya askari waliolalamikia mapigo ya moyo, kukosa pumzi na uchovu usiokwisha. Mioyo yao ilipopimwa, ilikuwa mizima. Jones aliona kumweleza kila askari peke yake jinsi hofu inavyoupeleka moyo mbio ni kupoteza muda, akawakusanya wote na kuwafundisha pamoja. Kikatokea asichokipanga. Waliokaa wodini siku nyingi walianza kuwaelimisha wageni wao wenyewe. Mihadhara ikageuka mazungumzo, mazungumzo yakahamia kwenye maisha ya wodi, na daktari akaanza kusikiliza zaidi ya kusema.

Mwaka 1946 Tom Main, daktari aliyehudumu katika hospitali ya kijeshi ya Northfield, Birmingham, aliupa mtindo huo jina linalotumika hadi leo. Mwaka uliofuata Jones alianzisha kitengo katika hospitali ya Belmont, kusini mwa London, ambacho baadaye kiliitwa Henderson. Humo wagonjwa wenye matatizo makubwa ya haiba, watu waliofukuzwa kila mahali, walipiga kura kuamua nani apokelewe na nani aondolewe. Kilidumu hadi 2008. Mwanaanthropolojia Robert Rapoport alikichunguza kwa miaka kadhaa na kutoa kitabu mwaka 1960, akitaja nguzo nne: maamuzi kufanywa na wote, kuvumiliana, kushirikiana katika kila kitu, na mtu kuonyeshwa uso kwa uso matokeo ya matendo yake.

Nguzo hiyo ya nne ndiyo yenye utamu wa kisayansi, na inafaa kuangaliwa kwa karibu.

Chukua nyumba ya watu ishirini. Mkazi mmoja, wa miezi miwili, ana zamu ya jikoni. Anachelewa kuamka, maharage yanaungua, mwenzake anamtolea maneno, naye anatupa mwiko sakafuni na kutoka nje. Hospitalini tukio hilo lingeishia kwa muuguzi na kwenye faili. Katika jumuiya ya tiba linaingia kikaoni asubuhi inayofuata, watu wameketi kwa duara. Aliyeshinda njaa anasema alishinda njaa. Mwingine anauliza: kabla hujautupa ule mwiko, ulisikia nini moyoni? Kimya. Halafu yanatoka maneno kwamba alisikia anadharauliwa, na kwamba kila anaposikia hivyo huondoka kabla hajaondolewa. Ndivyo alivyoacha kazi mbili. Ndivyo alivyoacha mke.

Tazama kilichofanyika. Tatizo halikusimuliwa kwa mshauri ofisini wiki mbili baadaye, likiwa limepambwa. Lilijitokeza lenyewe, likiwa bichi, mbele ya mashahidi. Wanaompa majibu ni watu ambao hawezi kuwadanganya, kwa kuwa uongo huohuo waliutumia wao. Na kubwa zaidi, kesho jiko ni lilelile, sufuria ni ileile, naye atapata nafasi ya kulifanya jambo tofauti na kuonekana akilifanya. Ubongo hujifunza mwenendo kwa kuurudia na kuona matokeo yake. Nasaha peke yake huishia masikioni.

Lipo na fungu la yule aliyeuliza swali kikaoni. Mwaka 1965 mwanasosholojia Frank Riessman aliandika kuwa katika vikundi vya watu wenye shida moja, anayesaidia mara nyingi hunufaika kuliko anayesaidiwa. Mtu aliyeitwa teja miaka kumi, aliyezoea kupokea amri na matusi, kwa mara ya kwanza anahitajiwa na mwenzake. Steve Pearce na Hanna Pickard, waliochambua jinsi jumuiya hizi zinavyofanya kazi, wanataja mambo mawili: mtu kujiona ni wa mahali fulani, na kubebeshwa dhamana ya matendo yake bila kulaumiwa. Dhamana bila lawama ni jambo gumu. Familia nyingi hutoa lawama bila dhamana: "wewe ni mbwa", kisha mama anamlipia deni.

Ushahidi upo, ingawa si wa kushangilia kwa vigelegele. Jaribio lililofanyika Oxford na kuchapishwa mwaka 2017 liligawa kwa kura watu 70 wenye matatizo ya haiba katika makundi mawili, moja likipitia jumuiya ya tiba. Kulazwa hospitalini hakukutofautiana baina ya makundi hayo, lakini baada ya miezi 24 waliopitia jumuiya ya tiba walijidhuru na kufanya ukatili kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, na waliridhika zaidi na huduma. Kwa upande wa uraibu, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2006 haukuona kuwa jumuiya hizi zinazishinda sana tiba nyingine za bweni. Matokeo mazuri zaidi yalikuwa ya magerezani, ambako zilipunguza watu kurudia uhalifu. Tafiti nyingi za Marekani zinakubaliana kwamba anayekaa muda mrefu hufanya vizuri zaidi, na kwamba wengi hukatiza mapema. Kwa hiyo anayetangaza kuponya wote, anadanganya.

Wadanganyifu hao wapo, na wanazidi. Yuko anayeuza chupa ya mizizi inayotoa uraibu kwa siku saba. Hakuna mzizi wa namna hiyo. Yuko anayesema ni jini, na kwamba vidonge vya hospitali vinamkasirisha; mgonjwa wa skizofrenia anakatishwa dawa, anachafuka akili, kisha anafungwa mnyororo. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watu wenye magonjwa ya akili wanavyofungwa minyororo katika nchi takriban 60, Kenya ikiwemo, wengi wao wakifungwa na ndugu zao au na wanaojiita waponyaji. Na yuko mwenye nyumba anayechapa fimbo na kuita hiyo nidhamu. Fimbo humfundisha mtu kuogopa fimbo tu. Kumfungia chumbani mlevi wa miaka mingi na kumkatia pombe ghafla ni hatari zaidi, kwa sababu anaweza kupata degedege, kuweweseka na kufa. Hilo ni jambo la hospitali.

Hata jumuiya halisi inaweza kuoza. Synanon, iliyoanzishwa California mwaka 1958 na Charles Dederich, ilisifiwa kwa kuwasaidia waraibu wa heroini. Lakini kauli ya wakazi iliyeyuka, ikabaki kauli ya kiongozi mmoja. Kufikia mwaka 1978 wafuasi wake walimtegea nyoka mwenye sumu kwenye sanduku la barua wakili aliyekuwa akiwashitaki. Aliumwa, akanusurika.

Afrika ina mfano wake, tena wa kujivunia. Mwaka 1954, huko Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Lambo hakungoja majengo ya hospitali ya Aro yakamilike. Aliwapangisha wagonjwa katika nyumba za wanakijiji jirani, kila mmoja akiwa na ndugu wa kumpikia na kumfulia. Mchana walipata tiba ya kitaalamu, dawa zikiwemo. Jioni walirudi kijijini, kwenye shamba na ngoma. Aliwashirikisha hata waganga wa jadi, lakini chini ya macho ya madaktari, na hakumwambia mgonjwa atupe dawa. Baadaye Lambo alikuwa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Tanzania nayo ilikuwa na vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili, kama Hombolo karibu na Dodoma na Vikuruti karibu na Dar es Salaam. Wanaodai kuwa tiba hii ni ya Wazungu wangeanza kwa kusoma historia ya kwao.

Sasa, kwa anayetafuta nyumba. Nenda ukaione kabla ya kulipa. Uliza kama imesajiliwa, nani daktari wake, na nini hufanyika mkazi akitaka kuondoka. Omba kuzungumza na wakazi bila msimamizi kusimama karibu. Ukinyimwa, ondoka. Anayetumia dawa za akili aendelee nazo humo ndani.

Kwa wanaotumia heroini lipo la ziada, na halisemwi vya kutosha. Wasomaji wengi huandika kwamba dawa ya methadoni ni kubadilisha unga kwa unga. Si kweli. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku, huzuia arosto, yaani mateso ya kuukosa unga, bila kumpandisha na kumshusha mtu, na hutolewa kwa kipimo mbele ya muuguzi. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na Zanzibar inapatikana Kidongo Chekundu. Anayeacha bila methadoni huwa mwili wake umepoteza mazoea ndani ya majuma machache. Akitoka nyumba ya soba na kurudia kiwango kilekile alichokuwa akikitumia zamani, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi inalala, naye anakufa. Majuma ya mwanzo baada ya kutoka ndiyo ya hatari kuliko yote. Ndugu wahakikishe kijana ana miadi kliniki kabla hajatoka, na siku akikutwa amelala haamshiki, midomo imegeuka rangi na anakoroma kwa taabu, asiachwe kwa kudhani amelewa tu. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali palepale, ambako wakiwa na dawa ya naloksoni wanaweza kuirudisha pumzi yake kwa dakika chache.