Mfugaji wa Garissa na fisi: Kwa nini ua wa zizi ni muhimu kuliko fidia

MVUA inapokosekana, mfugaji wa Garissa hukabiliwa na hasara mara mbili. Baadhi ya mifugo yake hufa kwa njaa na kiu, nayo iliyosalia na kudhoofika huwa windo jepesi la fisi, simba na chui. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana kaskazini mwa Kenya.

Fisi huvizia usiku. Zizi la kudumu huzungushiwa ua wa miiba iliyosongamana, na wenyewe hulala karibu. Lakini anayehama kufuata malisho na maji ya Mto Tana hulala leo hapa na kesho kule. Ua wake ni wa matawi machache yaliyokatwa jioni, na ndama ndiye wa kwanza kunyakuliwa.

Kwamba ua thabiti huokoa maisha kumethibitishwa na hirola, swara adimu ambaye makao yake ya asili nchini Kenya yako mashariki mwa Tana. Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 14,000. Leo hawafiki 500. Sotoka, ukame, kupungua kwa nyasi na wanyama wala nyama vyote vilichangia. Mnamo 2012, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, kusini mwa Garissa, hirola 48 walitengewa eneo lililozungushiwa ua wa kuwazuia simba, duma na mbwa mwitu. Baadaye idadi yao iliongezeka zaidi ya maradufu.

Ng'ombe hana ua wa aina hiyo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye mifugo kudai fidia kupitia kamati ya kaunti. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inasema kwamba asiyechukua hatua zifaazo kulinda mifugo yake hatalipwa. Sharti hilo ni rahisi kwa mwenye zizi la kudumu, na zito kwa anayehamahama, ambaye ndiye aliye hatarini zaidi.

Kwa hiyo, mfugaji anayejiandaa kuhama hana budi kupanga ulinzi wa usiku kabla ya safari: kuwalaza ndama katikati ya kundi, kuimarisha miiba, kuwasha moto na kupeana zamu za kukesha. Fidia, hata ikilipwa, huja baada ya ng'ombe kuliwa.