Kwa Nini Ndege Ilianguka Nairobi?

Huku kwetu Singida ndege kubwa tunaziona zikipita juu sana. Tunajiuliza: chombo kizito kama kile kinapaaje? Na kikianguka, kosa ni la nani? Leo tueleze ajali moja iliyotokea kwa jirani zetu Kenya.

Ilikuwa asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974. Ndege aina ya Boeing 747, mali ya shirika la Lufthansa la Ujerumani Magharibi ya wakati ule, ilikuwa katika uwanja wa Nairobi. Ilitoka Frankfurt, inakwenda Johannesburg, Afrika Kusini. Ndani yake walikuwamo watu 157: abiria 140 na wafanyakazi 17.

Ndege ilikimbia, ikanyanyuka. Mara ikaanza kutetemeka. Marubani walidhani labda ni magurudumu, wakayakunja. Wapi! Ndege haikupanda. Ilishuka ikapiga chini, mita 1,100 hivi kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Ikavunjika na kuwaka moto. Watu 59 walikufa. Watu 98 waliokoka.

Je, injini ziliharibika? Hapana. Injini zilikuwa nzima.

Kazi ya bawa

Mtazame mwewe anapotaka kutua. Mwendo wake ni mdogo, kwa hiyo hutanua mbawa zake zote ili hewa imbebe. Ndege ya chuma nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa na mwendo mkali, bawa lake la kawaida linatosha. Lakini inaporuka, mwendo bado mdogo. Lazima bawa lipanuliwe. Kuna vipande vinavyotokeza nyuma ya bawa, na vingine vinavyotokeza mbele.

Katika ndege hii, vipande vya mbele vilisukumwa na hewa yenye nguvu iliyotoka kwenye injini. Hewa hiyo ilipita katika vilango. Vilango vikifungwa, hewa haifiki, na vipande havitoki.

Uchunguzi ulionyesha kwamba siku ile hewa hiyo haikufunguliwa. Vipande vya nyuma vilitoka, vya mbele vikabaki ndani. Tena Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, haibebi sana. Basi bawa likashindwa na mzigo.

Orodha ilisomwaje?

Marubani wana orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Mmoja anasoma, mwenzake anatazama na kujibu. Orodha hiyo ipo kwa sababu binadamu husahau, hata aliye fundi wa miaka mingi. Wachunguzi walisema wafanyakazi wa ndege hawakuitimiza orodha yao sawasawa.

Lakini walisema na jambo la pili. Ndege yenyewe haikuwa na kitu cha kuwaonya marubani kwamba vipande vya mbele havijatoka. Kwa hiyo lawama haikuwa ya wafanyakazi peke yao. Baada ya ajali hiyo, ndege za 747 ziliwekewa onyo la namna hiyo.

Nasi je?

Sisi tuliopita kisomo tunajua kusoma. Hilo ni jambo kubwa. Lakini kusoma kwa mdomo ni kitu kimoja, kutazama kwa jicho ni kingine. Dereva wa basi akiulizwa, "Breki vipi?" akajibu, "Nzuri," bila kuikanyaga, amejibu mdomo tu. Mteremko wa Sekenke hauulizi mdomo, unauliza breki. Mfugaji anayeogesha ng'ombe kwa dawa asome kipimo kwenye chupa, halafu apime kweli, asikadirie kwa macho.

Na ukimwona mwenzio amesahau, mwambie hapo hapo. Usione haya kwa kuwa yeye ni mkubwa au fundi. Naye akiambiwa asikasirike.

Kule Nairobi, kufungua vilango vile ilikuwa kazi ya kitambo kidogo tu. Haikufanyika, na watu 59 hawakurudi kwao. Kwa hiyo, ndugu, ukisoma orodha, soma mstari mmoja, tazama, gusa, ndipo uende mstari wa pili.