Mfanyakazi anayelipwa ndizi

Baada ya bei za karafuu na pilipili manga, wafanyabiashara wa Matombo na wapumzishe macho kidogo. Panya buku, ambaye mwenye ghala humtegea mtego, mjini Morogoro ana ajira. Shirika la APOPO, lililoko Chuo Kikuu cha Sokoine, humfundisha kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mshahara wake ni ndizi na karanga, posho hakuna.

Mshindani wake ni mashine ya kutambua chuma. Mashine hiyo hulia kwa kila msumari na kila kopo, na kila inapolia ni lazima mtu apige magoti achimbe. Panya hunusa kilipuzi chenyewe, vyuma chakavu havimshughulishi. Eneo la uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa. Mwenye mashine huweza kuchukua siku 4. Tena ni mwepesi, hivyo bomu halimlipukii.

Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia. Msumbiji, walikofanya kazi wenzake, ilitangazwa kuwa haina tena mabomu hayo mwaka 2015, na wakulima wakarudi mashambani.

Mwekezaji mdogo anayetaka kununua mashine aulize bei, kisha aulize italia bure mara ngapi, maana hiyo nayo ni gharama. Mtego wa ghalani, hata hivyo, asiuondoe.