Baba wa posho, mwana wa shimo

Katika malupango mengi ya Kolwezi na Likasi, mangaribi vizazi viwili vinakaa kwenye sahani moja ya bukari. Mzee alifanya kazi Gécamines. Kofia yake ya kazi ingali imetundikwa ukutani. Kijana ametoka ku shimo, udongo ungali katika nywele. Wanakula pamoja, lakini maneno yao hayapatani.

Mzee anasema: « Bijana ba leo habana adabu. Banapata franga asubui, mangaribi inaisha ku bière. » Kijana anajibu chini-chini: « Bazee, kampani njo ilibalea. Mulikulaka posho ya bure, kisha Gécamines ikafia mu mikono yenu. »

Maneno haya tunayasikia kila siku, na sisi wenyewe tunayasema. Tuyapime basi.

Kwanza posho. Haikuwa zawadi. Tangu wakati wa Union Minière, kampani iliona kwamba mfanyakazi mwenye unga, nyumba, hospitali na masomo ya watoto hataacha kazi. Ndiyo sababu watu waliita kampani baba na mama. Lakini baba huyo alikuwa mkali, na aliyemfanyia kazi miaka 30 hakula bure.

Tena, si mchimbaji aliyeangusha Gécamines. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za mukuba kwa mwaka. Mashine zikazeeka bila kubadilishwa, na mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikabomoka. Miaka michache baadaye, mukuba haukufika hata tani 50,000. Madeni hayakusainiwa na mtu wa nyundo. Mnamo 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa « départ volontaire », baada ya miezi mingi bila mshahara.

Sasa kijana. Nani alimpeleka ku shimo? Wengi waliingia wakati baba alikuwa anaenda kazini na kurudi mikono mitupu, na shule inadai minerval. Mtoto akashika burini na nyundo, na bukari ikarudi mezani. Huyo si mhuni. Ni yeye aliyeshika nyumba wakati mshahara ulipokatika.

Bière ipo, hatukatai. Lakini négociant analipa kwa mfuko, siku ileile, na siku nyingine hakuna kitu. Baba alijua mwisho wa mwezi utafika. Mwana hajui kama kesho atapanda juu mzima. Ukiwa hivyo, kuweka akiba ni kazi ngumu, ingawa likelemba ya wenzake wanaoaminika inaweza kumsaidia.

Ugomvi huu ungekuwa wa maneno tu, tungeuacha. Lakini unaua. Sheria inakataza shimo la creuseur kupita metre 30, na wengi wanapita. Mvua ikianza, udongo unalegea. Mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi anajua dalili: ufa mdogo pembeni ya shimo, vijiwe vinavyodondoka peke yao, mti unaolia, hewa inayokuwa nzito. Anajua pia kwamba mtu harudi chini kuchukua mfuko uliobaki. Elimu hiyo inabaki kwenye kiti chake, kwa sababu anaanza na matusi, na kijana akisikia matusi anaamka na kwenda.

Kisha tunakutana wote ku matanga.

Wazee wetu, tuweke « bijana ba leo » pembeni, tueleze tulichoona. Na ninyi vijana, kabla ya kushuka, kaeni kidogo na muulize: « Baba, mukionaka ufa kama huu, mulikuwa munafanya nini? » Swali hilo halilipiwi. Posho imeisha, Gécamines ya zamani hairudi, lakini kitu hiki kimoja baba bado anaweza kumpa mwana.