Mtoto Asiyetulia

Yupo mtoto asiyetulia hata kidogo. Darasani anasimama kila mara. Ukimtuma kisimani anasahau njiani. Wengi wetu hapa Mpanda husema ni utukutu, tukashika fimbo, au tukampeleka kwa mganga achanjwe chale. Huenda ni ugonjwa, na fimbo haiutibu, wala chale.

Kwanza tujiulize: je, aliwahi kupata degedege la malaria? Malaria ya kichwani, isiyo ngeni Katavi, yaweza kumwachia mtoto upungufu wa umakini hata akishapona; watafiti wa Kampala wameliona hilo. Je, anasikia vizuri? Tena, je, anatumia fenobabito kwa ajili ya kifafa? Dawa hiyo huwafanya baadhi ya watoto warukeruke. Lakini wazazi, msiikatishe ghafla! Kifafa chaweza kurudi kwa nguvu na kuua. Rudini kwa daktari abadilishe dozi au dawa.

Dawa ya ugonjwa wenyewe ipo, methilifenideti, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1944. Husaidia watoto wengi, ila hupunguza hamu ya kula na usingizi, hivyo lazima daktari amfuatilie mtoto. Haipatikani kila duka la dawa, nasi hatushauri kuitafuta kwa njia za panya.

Kwa mtoto mdogo tunaanza na malezi. Mpe agizo moja tu kwa wakati mmoja, na akilitimiza msifu papo hapo. Mwalimu naye amkalishe mbele, mbali na dirisha, na amtume kufuta ubao ili anyooshe miguu.